Ufa Usiozibwa

Wahenga walituachia onyo ambalo kila fundi mwashi analijua kwa moyo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu hapo ufa umekuwa mshitakiwa wa kudumu. Unatajwa kwenye vikao vya ndoa, kwenye mahubiri ya Jumapili na mawaidha ya Ijumaa, na kila unapotajwa hukumu huwa imeshaandikwa. Hakuna aliyewahi kuuliza upande wa pili unasemaje. Basi leo tuusikilize, na ili kesi isiendeshwe hewani, tuipeleke mahali ambapo ushahidi umelala wazi: Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Maji ya ziwa hili yako kwenye kimo cha mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari. Magharibi yake, bila kupiga hodi, nchi inasimama na kupanda hadi kilele cha Kindoroko, zaidi ya mita 2,100. Ule ndio ukuta wenyewe, Milima ya Pare. Ufa haukuzibwa, ukuta ukajengwa, na juu ya ukuta huo wakakaa watu wa Ugweno na Usangi, na kusini zaidi, upande wa Same, watu wa Suji, Chome, Mbaga na Gonja. Methali imetimia neno kwa neno. Lililobaki ni kuuliza kama ilikuwa hasara.

Waingereza wana neno moja, fault, linalobeba mzigo ambao sisi tumeyagawia maneno kumi. Fault ni kosa la dereva aliyegonga. Ni dosari ya kitambaa. Ni ila ya tabia. Ni hitilafu ya waya. Ni mpira wa tenisi ulioanzishwa ukatua nje ya mstari. Na ni ufa wa ardhi ambao upande wake mmoja umeteleza ukapishana na mwingine. Neno hili waliliokota kwa Wafaransa, waliokuwa wakisema faute, nao Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, fallere, yaani kudanganya, kumwendea mtu kinyume, kumpungukia. Zamani Waingereza waliliandika bila herufi l na kulitamka bila l. Kisha wakaja wasomi walioona haya kwamba neno la Kirumi linatembea limevaa kanzu ya Kifaransa, wakaichomeka l ili ukoo wake uonekane. Watu mitaani hawakujali. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alieleza kwamba katika mazungumzo herufi hiyo kwa kawaida inamezwa. Baadaye ulimi ukasalimu amri kwa kalamu, na leo anayeimeza ndiye anayechekwa. Heshima iliyoje kwa neno la makosa: limesahihishwa na watu ambao hawakuombwa, na lile lililokuwa kosa la matamshi ndilo matamshi sanifu.

Maana ya ardhi haikutoka vyuoni. Ilitoka kwa watu wenye masizi usoni. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, katika karne ya 18, walikuwa wakilifuata tabaka la makaa chini ya ardhi kama mtu anayefuata mfereji hadi shambani, kisha ghafla tabaka linakatika, mbele yao jiwe tupu. Pale palipokosekana makaa wakapaita fault: mwamba umewapungukia, umewaendea kinyume. Wachimbaji wa Wallonia, katika Ubelgiji ya leo, walipopatwa na mkasa huo huo walitumia neno la ukoo huo huo, faille, na wanajiolojia wa Kifaransa wanalo mpaka sasa. Lilikuwa lalamiko, pengine na tusi ndani yake, maana anayeishi kwa makaa hana shukrani kwa mawe. Lakini mchimbaji mzoefu aligundua jambo ambalo mgeni hakuliona. Tabaka halikufa. Limeshuka au limepanda, na ufa wenyewe, ukiutazama ulivyoinama, mara nyingi unakuonyesha uchimbe juu au uchimbe chini. Yule aliyeitwa msaliti ndiye aliyekuwa na habari. Wanajiolojia walipofika na madaftari yao walilichukua neno hilo la wachimbaji wakaliingiza vitabuni bila hata kulifuta masizi, na ndivyo ilivyokuja kuwa kwamba jina la kitaalamu la kitu kinachoinua milima ni kosa.

Sasa turudi Upare na jina hilo mkononi. Miamba ya Pare ni mikongwe mno, iliyokandamizwa na kupikwa ndani ya dunia mamia ya mamilioni ya miaka kabla hapajawa na mtu wa kuilalamikia. Haikumiminika kutoka chini kama Kilimanjaro, jirani yake mwenye majivuno na theluji. Pare, kama Usambara na Uluguru, ni mapande ya nchi yaliyonyanyuliwa kati ya nyufa, huku yaliyo pembeni yakibaki chini au yakididimia. Ni ndugu wa mbali wa lile bonde kubwa ambalo J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1893, alilitangazia ulimwengu kwa jina ambalo sisi tumelitafsiri vizuri kuliko yeye alivyolitunga: Bonde la Ufa. Upepo wa Bahari ya Hindi ukifika kwenye ukuta huo hauna njia ila kupanda, na ukipanda unapoa, na ukipoa unamwaga ulichobeba. Miteremko ya mashariki ikapata mvua na msitu. Mji wa Same, uliokaa chini upande wa pili, ukabaki na vumbi lake na mikonge yake. Mahali pawili, hatua chache kwenye ramani, pana hali ya hewa mbili. Na sababu ni kwamba hapo kale kitu kilipasuka na hakuna aliyekiziba.

Kutokana na mpasuko huo orodha ya mali ni ndefu, nami nitataja chache tu nisije nikaonekana ninalipwa na mteja wangu. Juu kuna Msitu wa Chome, na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ambako anaishi ndege mdogo mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila Pare Kusini. Ukuta umemfungia ndani naye hajawahi kulalamika. Kuna tangawizi ya Mamba, inayokunywewa chai na watu wasiojua Mamba iko wapi. Kuna ndiva, yale mabwawa madogo ambayo Wapare waliyachimba miteremkoni ili maji ya kijito yajae usiku na asubuhi yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani, hesabu ya maji na haki ambayo katika nchi tambarare haifanyi kazi, kwa kuwa maji hayana pa kuteremkia. Kuna historia ya wahunzi wa Ugweno, ukoo wa Washana, ambao chuma chao kilitafutwa hadi Uchagani. Na kuna Mto Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe, ukaizunguka ncha ya kaskazini ya milima, ukaingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kukutana na Kikuletwa, kisha wote pamoja wanaitwa Pangani na kwenda baharini wakigeuza mitambo ya umeme njiani, pale bwawani, halafu Hale, halafu Maporomoko ya Pangani. Umeme huo ukikatika tunatangaziwa kwamba kuna hitilafu. Hatutangaziwi kwamba umeme wenyewe unatokana na nchi kutokuwa sawa: nchi ingekuwa sawa, mto usingeanguka.

Wapo watakaosema hapa kwamba ninacheza na maneno. Ufa wa ardhi na kosa la mtu, watasema, vimekutana kwa bahati tu kwenye kamusi ya wageni, kama paa la nyumba na paa wa porini. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama maneno hayo yangekuwa mawili. Ni moja, na mchimbaji aliyelitumia alijua anachosema: alisema mwamba umemkosea. Na tukilichunguza lalamiko lake tunaona siri ya kasoro zote. Mwamba haukumwahidi kitu. Ni yeye aliyekuwa na picha kichwani ya tabaka linalonyooka, na pale picha na jiwe vilipoachana njia, akalilaumu jiwe. Kasoro, popote ilipo, inahitaji pande mbili: kitu kilivyo, na mtu aliyetegemea kiwe vingine. Ndiyo maana hoja yangu yote inasimama juu ya mguu mmoja: kasoro ni mahali ambapo kitu kinatuambia kilivyo badala ya kutuonyesha tulivyotaka kiwe. Mahali pasipo na ufa hapatoki habari, kama ambavyo mwamba usio na ufa hautoi chemchemi.

Kiswahili kilishalijua hili, ila kililisema kwa kunong'ona. Tazama maneno tuliyoyaokota sisi. Hitilafu kwa Kiarabu ni kutofautiana, kupishana. Sisi tukaona kwamba waya mbovu ni waya uliopishana na matarajio, tukalitumia hilo. Walakini kwa asili si hata nomino: ni "na lakini", neno la kuunganishia sentensi, nasi tukalipandisha cheo, tukasema bwana harusi huyu ana walakini, yaani sentensi ya kumsifu haijaisha. Ila ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyofika pwani yakafanana: moja ni ugonjwa au dosari, jingine ni isipokuwa. Kizuri hakikosi ila, tunasema, na sikio haliambiwi kama kizuri kina kidonda au kina ubaguzi wa kisarufi. Na kasoro yenyewe inatokana na kupungua. Saa mbili kasorobo si saa mbovu; ni saa sahihi kabisa, iliyosemwa kwa kutaja kilichopunguka. Watu wote walikuja kasoro mmoja: hapo kasoro ni mtu, tena ndiye pekee anayezungumzwa. Msafiri Mwislamu anapoipunguza sala ya rakaa nne ikawa mbili, kupunguza huko kunaitwa kwa herufi zile zile tatu za mzizi wa kasoro, na sala yake ni kamili. Herufi hizo hizo zinaonekana pia kwenye kasri la sultani, ingawa wapo wataalamu wanaosema kasri ni mgeni aliyetoka kwenye kambi za askari wa Kirumi, na pengine mteja wangu asidai undugu na majumba kabla ya kuonyesha cheti.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwenye kamusi. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, nyumba na shule zikaanguka Bukoba na vitongoji vyake, na watu wakafa chini ya kuta zao. Lile pia lilikuwa kazi ya ufa. Hapa mtetezi anavua kofia. Ningeweza kusema kwamba aliyeua ni ukuta na si ufa, na mhandisi angekubaliana nami, lakini ni jibu la wakili, na aliyefiwa hana haja nalo. Kitu kinachoinua milima hakiwezi kuinua kwa adabu siku zote. Niseme tu kwamba nyufa zinazojulikana zilipo zinaweza kuchorwa kwenye ramani na nyumba zikajengwa kwa kuzijali, na ule usiojulikana ndio unaotukuta tumelala. Kwa hiyo hata mbele ya msiba huu ninaloweza kulipigania ni ufa uliotangazwa dhidi ya ufa uliofichwa.

Hilo linatupeleka kwa mkandarasi, ambaye nadhani ameanza kutabasamu tangu aya ya kwanza. Kama kasoro ina heshima hivi, anafikiri, basi darasa nililolijenga kwa saruji ya kubania na mchanga wa kubahatisha nami nisifiwe. Hapana, mzee. Katika eneo lako la kazi kuna mfanyakazi mmoja tu aliyesema kweli, na ni huo ufa uliotokea juu ya dirisha mwezi wa tatu baada ya makabidhiano. Cheti kilisema jengo ni zima. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa. Ufa ulikataa kutia sahihi. Ni mkaguzi asiyepokea bahasha, asiyehitaji posho ya safari, na ripoti yake inasomwa na mtoto wa darasa la kwanza. Kinachobomoa madarasa ni ile plasta inayopakwa juu yake usiku wa kuamkia ziara ya kiongozi. Na wahenga, tuwatendee haki, walisema ziba, hawakusema ficha. Kuziba kunaanza na kuuona, na kuuona kunaanza na ufa kuwa na ukarimu wa kujionyesha. Nikisoma methali hiyo upya naanza kushuku kwamba ilitungwa na rafiki wa ufa.

Ziwa lenyewe lina shahidi wa upande wa mashitaka, na lazima asikilizwe. Jipe ni ziwa la kina kifupi, ambalo sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Mto Lumi kutoka upande wa Kilimanjaro, na mengine hutoka Pare Kaskazini. Ukuta uliolikinga ndio sasa unaolifukia: mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, mvua inashuka na udongo, na udongo ukifika majini unatandika kitanda cha magugu marefu yanayotoka ukingoni na kuingia ndani mwaka hadi mwaka, hata mitumbwi inatafuta njia. Humo kuna samaki wa jamii ya perege, Oreochromis jipe, aliyepewa jina la ziwa na mtaalamu wa Kiingereza Rosemary Lowe mwaka 1955, na leo yumo kwenye orodha ya viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka. Je, si ufa uleule, kwa mwinuko wake, unaolimaliza ziwa? Mwinuko ulikuwepo maelfu ya miaka na ziwa lilikuwepo. Jembe lililopanda juu ndilo jipya, na maji ya mito yaliyoelekezwa kwingine ndiyo mapya. Ila hapa ndipo neno la Kiingereza linapoonyesha ubaya wake wa pili, ule ambao hata mimi siusifu: fault ni kosa, lakini pia ni lawama, na likishakuwa lawama linaanza kutafuta mwenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walivuta mstari kutoka pwani, kwenye Mto Umba, ukaja moja kwa moja hadi Jipe, na leo ziwa dogo lina wenyewe wawili. Magugu hayasomi mpaka. Wenyewe wawili wanasoma, na kila mmoja akiulizwa kosa ni la nani huelekeza kidole ng'ambo ya maji. Jina la ziwa, sikioni mwa Mswahili, ni amri ya kujipa mwenyewe, na katika suala la lawama hakuna aliyewahi kuitii.

Wapare hawakuwa hivyo walipoliona kosa la kweli. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kupanda na kushuka kufuatana na mali ya mtu, ikaipa jina la zamani la kienyeji, mbiru, ikidhani jina zee litaziba ufa mpya. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kuikadiria: nani atahesabu mali ya jirani yake, kwa kipimo gani, na kwa upendeleo wa nani? Mnamo Januari 1945 walishuka kutoka milimani kwa maelfu, wakapiga kambi Same mbele ya ofisi ya wilaya, wakakaa. Hata wanawake wa Usangi waliingia katika mapambano hayo na kumkabili ofisa wa serikali. Kwa serikali ilikuwa fujo juu ya jambo dogo. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyekuja kuiandika habari hiyo, aliona ndani yake siasa za watu waliojua hasa walichokuwa wakidai. Miaka michache baadaye kodi ile ikaachwa. Kosa la hesabu lilikuwa limeonekana kwanza na wale waliohesabiwa, kama ufa unavyoonekana kwanza na anayelala chini yake.

Najua watani wao, hasa Wachaga, wanalo jibu la kusherehekea. Husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanalisema kama kasoro, na kwa hesabu za sokoni ni kasoro ya wazi, kwa kuwa ng'ombe mmoja hununua kuku wengi mno. Lakini anayesimamisha kesi ya kuku hapimi nyama. Anapima kama mpaka wa ua wake upo au haupo, na mpaka usiotetewa kwa kuku hautateteka kwa ng'ombe. Mtani atasema huo ni ubishi tu, tena wa Kipare, na kwamba insha nzima hii imeuza hoja kubwa ili kumtetea mshitakiwa asiye na thamani. Inawezekana. Ng'ombe ameshauzwa, fedha iko kwa wakili, kuku mwenyewe hajaonekana tangu juzi, na kesi itatajwa tena.